Diski ilale, kazi isipotee

South B, Nairobi

Swahiba,

Salamu kwako na kwa wote hapo nyumbani. Umeniuliza kama ni sawa kulaza diski, yaani kuisimamisha isizunguke, kwenye laptopu ya mtumba uliyonunua Luthuli Avenue, betri ikufikishe Kisumu bila chaja. Ni sawa, ila kuna bei yake.

Linux ikitumia ext4 (mfumo wa kupanga faili diskini), daftari la mabadiliko (journal) huandikwa diskini kila sekunde 5 ikiwa kuna kilichobadilika. Kwa mwendo huo diski haipati usingizi. Laptop-mode, mpangilio wa Linux wa kuokoa betri, hurefusha muda huo, kwa kawaida hadi dakika 10: mabadiliko yanasubiri kwenye RAM (kumbukumbu inayofutika umeme ukikatika), kisha yanaandikwa kwa mkupuo. Betri inapumua. Lakini mashine ikizimika ghafla, kilichokuwa RAM kimekwenda.

Hapo ndipo watu hujidanganya na daftari. Linalinda mpangilio wa faili, si insha yako. Mashine ikiwaka tena, mabadiliko yaliyokamilika daftarini yanatekelezwa, yaliyoachwa nusu yanatupwa, na diski inafunguka salama. Ukiweka commit=600 (sekunde kati ya uandishi mmoja wa daftari na mwingine), umekubali kupoteza hadi dakika 10 za kazi.

Mimi ningeweka commit=300, na vipima muda vya uandishi, dirty_expire_centisecs na dirty_writeback_centisecs, vyote 30000 (mia za sekunde, yaani dakika 5), kisha amri ya hdparm -S 12 ili diski ilale baada ya dakika moja ya kukaa bure. Usiweke commit=60 ukidhani ndiyo busara; diski ikilala itaamshwa papo hapo, na kuanza kuzunguka upya hula umeme kuliko kuendelea. Ongeza noatime (isiandike saa kila faili inaposomwa), hiyo haina hasara ya maana. Programu inayoita fsync (agizo la kuandika diskini mara moja) ukihifadhi itaamsha diski. Iache, ndiyo kinga yako.

Yote haya kwa betri tu. Ukichomeka chaja, rudi kwenye commit=5.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni betri yenyewe. Laptop-mode inaweza kuacha kuchelewesha uandishi betri ikikaribia kuisha, lakini betri za mitumba huonyesha asilimia 20 halafu zinakata pap! Ikiwa yako ni ya namna hiyo, achana na mpango huu, ununue betri kwanza. (Au SSD, diski isiyo na cha kuzungusha.)

Diski ikilala huegesha vichwa vyake vya kusomea, na diski nyingi za laptopu zimekadiriwa kufanya hivyo mara 300,000 hadi 600,000. Kabla hujagusa chochote, endesha amri ya smartctl -A unitumie namba ya Load_Cycle_Count (mara ambazo vichwa vimeegeshwa), nijue mwenye mali wa kwanza aliitumia vipi.

Wako wa siku zote.