Barua kwa mliokula hitima ya Mwalimu

Wanangu, assalaam alaykum.

Nimeiona hitima mliyomfanyia mwalimu wenu wa zamani pale Wete, Pemba. Fulana zenye picha ya marehemu, mahema, spika, magari yamejipanga mpaka njia ya bandarini. Mmoja wenu akashika maiki akasema Mwalimu alikuwa "mama yetu sote", akalia. Nilijizuia nisisimame. Huyo mama yenu sote aliishi na mtoto wa jicho miaka na miaka, akimuomba jirani amsomee salamu zenu za Idi kwenye simu. Nani kati yenu alimshika mkono akampeleka kwa daktari wa macho?

Halafu mkamsifu kwa upole. Upole gani? Mwalimu alikuwa mkali, mkumbukeni hivyo hivyo. Msimu wa karafuu, watoto wakipungua darasani, yeye alikuwa akizunguka majumbani usiku na kandili yake, anauliza mtoto wa kike yuko wapi. Baba mmoja alimwambia binti yake keshasoma vya kutosha. Mwalimu hakubishana. Alikaa ukumbini, akavuta jamvi, akaanza kuchambua karafuu pamoja na watu wa nyumba ile. Saa zikaenda, vikonyo vikajaa pembeni, mpaka baba mwenyewe akasema: "Mchukue, Mwalimu, niache nilale." Binti yule leo ni mkunga. Alikuwepo hitimani, huko nyuma kwenye masufuria. Maiki hakupewa.

Mnayemwita mama alikuwa na wanawe wa kuwazaa, na alikuwa mjane. Skuli ilikuwa na mikondo miwili. Mwenzake akiugua, alisomesha asubuhi na mchana. Usiku alisuka ukili wa mikeka ili wanawe wapate sare. Watoto wale walikula chakula kilichopoa kwa ajili yenu. Wamekaa pale na majonzi yao, na hakuna aliyewauliza walikuwa wakiishi naye vipi.

Na nchi yetu ya Zanzibar nayo nisiiache. Kila tarehe 23 Septemba tunaadhimisha tangazo la mwaka 1964 la elimu bila malipo. Jambo la heri, mimi mwenyewe nimelila tunda lake. Lakini madarasa yalipojaa, aliyeubeba mzigo ni mwalimu. Pensheni Jamii kwa wazee wa miaka 70 ilianza 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Tunashukuru. Paa haliezekwi kwa pensheni hiyo.

Sasa sikilizeni. Deni lake la dukani lilipeni. Madaftari yake ya mahudhurio yasije yakafungiwa karanga sokoni. Hizo fulana msizigeuze matambara.

Mtume (SAW) ametufundisha kuwa mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa tatu: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema anayemuombea. Elimu Mwalimu ameiacha vichwani mwenu. Watoto wema anao. Sadaka ndiyo mnayoweza kumuongezea, nami nasikia mnachangishana kwa pilau nyingine ya arubaini. Fedha hizo wapelekeeni wenzake wawili waliostaafu. Mmoja yuko Mtambwe, paa lake linavuja na masika yanakaribia. Mwingine yuko Kojani, mtavuka kwa mashua. Huyo ni mkali kumshinda marehemu, na atakuulizeni mlikuwa wapi. Mjibuni.