Deni ni ndogo, sawa, lakini shaba ikianguka tutalipa na nini?

Bwana muhariri,

Miye ni mukaaji wa komini Kenya hapa Lubumbashi, niko na mashini ya kusagia mahindi, ekonomi sikuisoma ku masomo. Juma ilipita mulitoa barua ya ndugu mumoja anasema tuache kulialia na deni, Congo inadaiwa kidogo kuliko majirani, serikali iende tu haraka kwenye hiyo soko ya Eurobond (deni yenye Leta inauzia wenye feza wa inje, mu dola) ikope, barabara zijengwe. Ya deni kuwa ndogo sibishi, ni kweli, haifiki robo ya mali yote inchi inazalisha ku mwaka. Lakini deni hailipwe na mali ya inchi, inalipwa na feza yenye kuingia mu kese ya Leta, na kwetu inaingia kidogo, na hiyo kidogo inanuka shaba na kobalti.

Huyo ndugu nafikiri hajafikaka Kasumbalesa, ku mupaka wetu na Zambia. Angevuka pale angejifunza bure. Mwaka 2012 Zambia iliuza Eurobond yake ya kwanza, dola milioni 750, wenye feza walikuwa wanagombania, riba haikufika hata asilimia 6, shaba ilikuwa na bei na kila mutu alikuwa anasema Zambia imeamuka. 2014 wakaongeza miliari moja, 2015 tena miliari moja na milioni 250. Ni huo huo 2015 shaba ikateremuka, kwacha, feza ya Zambia, nayo ikaanguka vibaya, na sisi wenye kununua mahindi ngambo tulicheka chini chini (nasema ukweli, tulicheka). Mwezi wa 11 mwaka 2020 wakashindwa kulipa riba ya dola milioni 42 na nusu tu. Inchi yenye shaba kama sisi, mupaka mumoja na sisi, ni inchi ya kwanza ya Afrika iliyoanguka vile mu wakati wa korona.

Na sisi wenyewe tulishapita mu njia hiyo, watu wanasahau mbio sana. Wakati ya Mobutu walikopa kujenga laini ya umeme ya Inga-Shaba, zaidi ya kilometre 1,700 toka Inga mupaka Kolwezi, ilianza shaba ikiwa na bei nzuri, bei ikafa 1974 na 1975, laini yenyewe ikamalizika 1982 na deni ikabaki inazaa. Baba yangu alikuwa fundi wa umeme, alikuwa anatupeleka watoto kuangalia zile pilone kama mutu anaonyesha ngombe zake. Vijiji vyenye kulala chini ya zile waya vinawasha petroli mupaka leo. Deni za Zaïre tulizibeba mupaka tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka 2010 njo walitusamehe, ile ya Banque mondiale na FMI (mufuko wa feza wa dunia) na wengine, dola miliari 12.3. Tulisherekea. Sasa tunaanza tena kuhesabu.

Musiniambie mambo imebadilika. Mukataba wa Sicomines wa 2008 ulikuwa hivyo hivyo, wachina wachukue shaba, sisi tupate barabara na hospitali. Walisema dola miliari 9, FMI ikakataa, ikashuka 6. Kisha mwezi wa 2 mwaka 2023 IGF, wenye kukagua feza ya Leta, ikatoa hesabu, za kujenga zilikuwa zimetoka milioni 822. Wakaongea upya 2024, sasa ni mupaka miliari 7 za kujenga, ni vizuri, lakini zinatoka kufuatana na bei ya shaba. Tena shaba! Barabara iko ku shaba, bajeti iko ku shaba, Eurobond nayo itasimama ku shaba, sasa ile siku kamba itakatika?

Mwishoni mwa 2025 falanga, feza yetu, ilipanda, dola yenye ilikuwa inapita falanga 2,800 ikateremuka chini ya 2,500, ba minisitri wakajipongeza ku televizyo. Nikaenda soko ya Kenya, nikauliza mama mumoja muuza bunga meka (kopo ya kupimia) iko bei gani, akanitajia bei ya zamani. Nikamuambia mama, dola imeshuka. Akaangalia ile meka yake, akakwangua bunga ya juu na kiganja, akanijibu: "Papa, hii bunga niliinunua na dola ya 2,800, miye nitaikula hiyo asara na nani?" Na mwenye nyumba yake, sawa na wangu, anadai loyer, feza ya nyumba, mu dola. Nazungumuza hii juu Eurobond inalipwa mu dola. Falanga ikiwa na nguvu deni inaonekana nyepesi, shaba ikianguka falanga inaanguka pia, na ile deni inanona bila mutu kukopa hata dola moja ya kuongeza.

Mashini yangu niliikopea kwa kaka yangu mukubwa, mutoto wa mama mukubwa. Kabla ya kufungua mufuko aliniuliza maulizo matatu: utaiweka wapi, inasaga meka ngapi ku siku, na siku moto (umeme) inakatika utanilipa na nini. Ile ya tatu ilinikamata shingo. Nilirudia nyumbani, nilikaa miezi mbili, mupaka nilipata grupu ya mazutu ya okazyo, mashini ya kutoa umeme, njo akanipa feza. Hapa kwetu moto inakatika juma nzima, ile grupu njo inanilipia deni.

Sisemi serikali isikope. Nauliza maulizo ya kaka yangu, na nataka ba députés wetu wenye tulichagua waiulize mbele ya kupiga kura, hapana kisha. Barabara gani, toka wapi mupaka wapi? Mwaka shaba itakuwa chini, riba italipwa na nini? Na tukiwa mu hiyo, article 175 ya katiba ya 2006 inasema 40% ya mapato ibakie mu provensi, mupaka leo haijaheshimiwa vile iliandikwa. Mukopo wa Kinshasa tutaulipa pamoja na Kinshasa, sawa, lakini ile 40 yenye ni yetu tayari itafika lini Lubumbashi?

Musomaji wenu,
Komini Kenya, Lubumbashi