Malalamiko kuhusu rimu zisizofaa kwa gari langu na kauli ya msimamizi wa tawi lenu la Ilala

Meneja Mkuu,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Sera yenu ya kurudisha bidhaa mnaijua kuliko mimi, kwa hiyo sitaieleza. Ninachotaka mkifahamu ni kwamba nilipozirudisha rimu nne mlizoniuzia kwa ajili ya Toyota RAV4 yangu, toleo ambalo mjini hapa watu huliita Miss Tanzania, msimamizi wenu hakuzipima wala hakuinama kuangalia madigadi, bali aliniambia mbele ya wateja wengine, "Mama, nenda kamlete mwanamume mwenye hilo gari, nitaongea naye." Mwenye gari ni mimi. Kadi ina jina langu, na risiti yenu pia.

Rimu zilizokuja na gari hili zina upana wa inchi 7 na ofseti ya milimita 45, na namba hizo zimepigwa kwenye chuma chenyewe kwa upande wa ndani, ambako yeyote mwenye kitambaa cha kufutia vumbi anaweza kuzisoma. Mlizonifungia zina upana wa inchi 8.5 na ofseti ya 20. Nilimwuliza muuzaji wenu kuhusu tofauti hiyo kabla sijalipa, naye akanijibu kwamba rimu ni matundu tu, na kwa kuwa zote zina matundu matano ya nati, yaliyopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 114.3, basi mambo yamekwisha. Ni kweli matundu yaliingia. Lakini matundu huamua kama rimu itafungika. Itakaa wapi ikishafungwa huamuliwa na ofseti, yaani umbali kati ya mstari wa katikati ya upana wa rimu na ule uso wake unaogusana na habu, yaani kitovu cha gari ambako gurudumu hufungwa. Kadiri namba hiyo inavyopungua, ndivyo tairi linavyotoka nje ya bodi.

Naomba mchukue kalamu. Upana wa inchi 7 ni ule wa sehemu linapokaa tairi. Ukijumlisha na kingo zake, rimu nzima ina takribani inchi 8, sawa na milimita 203. Chukua nusu yake, jumlisha 45, na utapata kipimo cha nyuma ambacho mafundi hukiita bekispesi, yaani karibu milimita 147 kutoka uso wa habu hadi ukingo wa ndani. Upande wa nje zinabaki kama 57. Kwa rimu zenu, hesabu hiyo hiyo inatoa karibu 141 nyuma na 101 nje. Maana yake ni kwamba kwa ndani, kwenye shokapu, nafasi iliongezeka kwa milimita sita, na ndipo hapo fundi wenu alipopitisha vidole akatangaza kwamba hakuna kinachogusa. Kwa nje, ukingo umetoka kwa milimita 44, na huko hakuna aliyepima. Gari lilikuwa juu ya jeki, tupu, miguu yake ikining'inia. Katika hali hiyo hata tairi la lori lingeonekana halina shida.

Kwenye matuta ya Mlandizi, gari likiwa na abiria, ukingo wa madigadi ya nyuma ulichana ubavu wa tairi. Usukani nao ulikuwa umeshaanza kuvuta kila gurudumu la mbele lilipoingia shimoni, jambo lisiloshangaza, kwa kuwa gurudumu lililosogezwa nje kiasi hicho linazipa beringi na usukani mzigo wa namna ambayo kiwanda hakikuikusudia.

Narudi kwenye kaunta, kwa sababu tairi linanunulika. Hesabu niliyoieleza hapo juu nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi pamoja na mchoro, nikaiweka mbele ya msimamizi wenu. Hakuisoma. Aliigeuza kifudifudi, akaweka juu yake kikombe chake cha chai, akamwuliza mteja aliyekuwa nyuma yangu anataka saizi gani. Nilipomwomba anirudishie karatasi, ndipo aliposema, kwa sauti iliyofika hadi wanakofungia matairi, kwamba nikamlete mwanamume. Watu wakacheka. Na huyu ndiye aliyekuwa ameshanishauri dakika chache kabla kwamba madigadi yapigwe nyundo kidogo, tena kwa gharama yangu! Karatasi ninayo, pamoja na duara la chai, na nakala yake nimeiambatanisha.

Nilikuja kwenu nikiomba tu kubadilishiwa rimu. Sasa sizitaki rimu zenu. Nataka fedha zote nilizolipa, gharama ya tairi lililochanika, ya kunyoosha na kupaka rangi madigadi, na ya kukaguliwa beringi na kufanyiwa alaimenti, yaani kunyooshwa mwelekeo wa magurudumu, katika gereji nitakayoichagua mwenyewe. Nataka pia barua ya kuniomba radhi iliyosainiwa na msimamizi yule kwa mkono wake, si ya ofisi.

Tafadhali msinijibu kwamba rimu ikishafungwa tairi hairudishwi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji aliyeelezwa matumizi ya bidhaa, na ambaye mnunuzi ameutegemea utaalamu wake, atoe bidhaa inayofaa kwa matumizi hayo. Nami sikuwaeleza kwa maneno tu, niliwaingizia gari zima uani. Nawapa siku 14 tangu mtakapoipokea barua hii. Zikipita, nitalifikisha suala hili Tume ya Ushindani na kufungua madai mahakamani, na huko nitadai pia nauli za siku zote ambazo gari limelala. Tena, kwa kuwa kuandika kumenikumbusha kile kicheko, naona siku 14 ni nyingi. Ziwe saba.

Wenu,
Mteja na mwenye gari,
Kibamba, Dar es Salaam.