Mhariri, swali lenyewe liko wapi?

Mhariri,

Gazeti lako hutufikia Lamu na boti ya kutoka Mokowe, jua likiwa limeshapanda. Ijumaa iliyopita lilikuwa likisomwa kwa sauti Mkunguni, mbele ya ngome: "Kura ya maoni: wengi waunga mkono vita." Mzee mmoja akaweka chini kikombe chake cha kahawa akauliza, "Kura hiyo tulipiga lini?" Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa napita na kapu langu la sokoni, sikucheka. Kwetu kura ya maoni ni ile ya Agosti 2010, tuliposimama foleni na vitambulisho mkononi kuipigia katiba. Mtu akisikia maneno hayo hudhani nchi nzima iliitwa, yeye peke yake ndiye aliyelala. Kumbe ni watu elfu moja na mia kadhaa waliopigiwa simu. Mngeandika "utafiti wa maoni", mzee asingeaibishwa.

Vita vyenyewe sivitaji, wala sisemi niko upande gani. Neno langu ni jingine. Nilikinunua kipande hicho cha gazeti nikakisoma mara mbili. Asilimia zipo, picha ya askari ipo, maneno ya mchambuzi yapo. Swali waliloulizwa hao watu halipo.

Nimekula mkate wa kuuliza maswali kwa miaka mingi. Nilikuwa karani wa sensa mwaka 2009, nikarudi tena 2019, na katikati nikazunguka na tafiti za vyandarua, za uvuvi, za maji, kutoka Faza mpaka Kiunga. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, wakati wa amri ya kutotoka nje usiku, kampuni moja ilinituma kuuliza habari za usalama. Swali la saba lilikuwa hivi: "Je, unaunga mkono juhudi za vikosi vyetu za kukulinda?" Nani atakataa kulindwa? Na swali hilo liliandikwa Nairobi kwa Kiingereza, likatiwa katika Kiswahili sanifu, halafu mimi mlangoni nikaligeuza Kibajuni. Juhudi hizo kule Nairobi ziliitwa operesheni. Kufika kizingitini mwa mtu zikawa vita, maana ndilo neno tulilo nalo.

Huko Siyu mama mmoja alinikaribisha barazani. Akazitazama karatasi zangu, akakitazama kitambulisho kilichoning'inia shingoni, akasema, "Andika ndio, mwanangu." Nikaandika ndio. Nilipofunga faili na kuitia kalamu mfukoni, ndipo alipoanza kusema. Alisema nusu saa. Mwanawe alikuwa mvuvi wa usiku na mashua ilikuwa imelala mchangani tangu amri itoke. Mama anawataka askari, maana anaogopa. Mama hawataki askari, maana anaogopa. Yote mawili kwa pumzi moja. Karatasi yangu haikuwa na kisanduku cha nusu saa ile. Yeye, katika hesabu iliyokwenda Nairobi, ni "anaunga mkono" mmoja.

Hili si la Lamu peke yake. Katika mafunzo yetu Mombasa mwalimu alituandikia ubaoni mfano wa Marekani, ambao Pew, taasisi ya huko ya utafiti wa maoni, yenyewe huutumia kufundisha uandishi wa maswali. Januari 2003, kabla ya vita vya Iraki, Wamarekani waliulizwa kama wanakubali nguvu za kijeshi zitumike kuumaliza utawala wa Saddam Hussein. Asilimia 68 walikubali, 25 wakakataa. Swali lilelile lilipoongezwa kwamba huenda maelfu ya wanajeshi wao wakauawa au kujeruhiwa, waliokubali wakashuka hadi 43, waliokataa wakapanda hadi 48. Nchi ileile, mwezi uleule. Sasa niambie, Mhariri, ungekuwa kwenye meza yako siku ile ungeandika kichwa gani? "Wamarekani wataka vita" au "Wamarekani hawataki"? Vyote viwili vina namba ya kuvitetea, na vyote viwili ni nusu ya habari mpaka swali lichapwe chini yake.

Tarehe ya kuulizwa hao watu nayo mliificha mwishoni kabisa, karibu na tangazo la magodoro. Vita vya Iraki vilipoanza Machi 2003, zaidi ya asilimia 70 ya Wamarekani walisema uamuzi ulikuwa sahihi. Mwanzoni mwa 2008 waliobaki kusema hivyo walikuwa 38. Maoni juu ya vita hayakai. Hugeuka kama upepo wa matlai.

Kisha mkasema Lamu pia "inaunga mkono". Hapo nilitoa penseli. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 143,920 kati ya Wakenya 47,564,296. Utafiti wa watu 1,500 ukigawanywa kwa haki nchi nzima, Lamu inapata watu wanne, ukipenda watano. Kwa watu 1,500 kiwango cha makosa, yaani jibu linavyoweza kuukosa ukweli, ni kama asilimia 2.5 juu au chini. Kwa watu watano kinapita asilimia 40. Heri mngerusha shilingi. Na hao watano ni wenye simu iliyo na chaji na mtandao. Huko Kiangwe, kijiji cha huku Lamu, nimewahi kutembea na simu mkononi kama mtu anayetafuta mbuzi aliyepotea.

Jambo moja zaidi lilinikera. Katika jedwali lenu hakuna hata mtu mmoja aliyesema "sijui". Sijapata kuona mtaa wa namna hiyo, na nimebisha hodi mitaa mingi. Nadhani waliondolewa. Chukua watu 100: 42 wamesema ndio, 33 la, 25 hawajui au hawataki kusema. Wafute wale 25, na 42 wanageuka asilimia 56. Neno "wengi" limezaliwa bila mtu yeyote kubadili kauli. Kwenye habari za vita, na hasa huku kwetu, anayenyamaza mbele ya mgeni mwenye karatasi amejibu.

Wakati wa uchaguzi mnajua kufanya vizuri, kwa sababu sheria ya mwaka 2012 inawabana: nani kalipia, lini, wangapi waliulizwa. Sheria hiyo ni ya tafiti za maoni ya uchaguzi tu, vita havimo. Lakini mkono unaoweza kuandika mistari hiyo mitatu Agosti ya uchaguzi unaweza kuiandika mwezi wowote. Mimi naomba wa nne: swali, neno kwa neno, kwa lugha iliyoulizwa. Kama nafasi ni ndogo, punguzeni picha ya askari.

Mzee wa Mkunguni bado anauliza kura ile tulipiga lini. Nimemwambia nitakuandikia.

Karani wa zamani wa sensa,
Langoni, Lamu