Barua kwa mwanangu: hayo magamba si uchafu

Mwanangu mpenzi,

Acha kukisugua kiwiko. Nimeliona jiwe la kusugulia miguu bafuni kwako, na nimeona vitone vya damu kwenye taulo. Chini ya gamba la soriasisi, huu ugonjwa wako wa ngozi, mishipa midogo ya damu iko karibu mno na uso wa ngozi, ndiyo maana ukilibandua panatoka vile vitone kama vya ncha ya sindano. Halafu ngozi yako ikichubuka, baka jipya linaweza kuota palepale, mara nyingi wiki moja au mbili baadaye. Unasugua upunguze, kumbe unaongeza.

Hukuambukizwa na mtu, wala hutamwambukiza mtu. Kinga ya mwili wako, ile inayopambana na vijidudu, imeamka kupigana mahali pasipo na adui, na ngozi inajitengeneza mbiombio. Kwa kawaida seli ya ngozi huchukua karibu mwezi mzima tangu izaliwe chini hadi ipukutike juu. Kwenye baka lako zinafika juu kwa siku chache tu, bado changa, zinarundikana. Huo mrundiko ndio gamba, na hakuna sabuni ya kuuzuia.

Tunachoweza ni kuutuliza ugonjwa. Paka mafuta mazito yasiyo na manukato mara tu utokapo kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu, hata siku ambazo ngozi imetulia. Krimu ya steroidi, ile dawa ya kutuliza uvimbe wa ngozi, ni ya kwenye baka tu, kwa muda aliosema daktari, kwa sababu ikizidi hukondesha ngozi. Vidonge na sindano za steroidi ndizo naziogopa zaidi: ukiziacha ghafla, ugonjwa unaweza kurudi kwa ukali kuliko mwanzo. Mtu akikuletea kopo lisilo na jina la dawa, akaapa litakuponya kabisa, usilipake. Dawa ya kuumaliza ugonjwa huu bado haijapatikana. Za kuutuliza zipo, tena nzuri: tiba ya mwanga, methotreksati (dawa ya kutuliza kinga; hii ni mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku), na sindano mpya zinazozuia ishara mahususi za kinga. Krimu zikishindwa tutamuuliza daktari wa ngozi kuhusu hizo.

Koo likikuuma, niambie siku hiyohiyo, maana maambukizi ya koo huweza kuuamsha ugonjwa, hasa kwa vijana. Msongo wa mawazo nao huuchochea, na sigara na pombe pia. Ukiandikiwa dawa yoyote, taja kwanza soriasisi. Klorokwini na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huweza kuuzidisha.

Najua kwa nini unavaa mikono mirefu hata kwenye joto. Inaniuma. Mwaka 2014 mkutano wa Shirika la Afya Duniani ulipitisha azimio kuhusu ugonjwa huu na unyanyapaa wake, kwa hiyo hujidekezi. Vaa utakavyo, ila usivae kwa aibu.

Sasa vidole. Jana asubuhi nilikuona ukivinyoosha kimoja kimoja. Soriasisi huweza kuingia kwenye viungo na kuviharibu isipotibiwa mapema. Vikikaza tena, au kimoja kikivimba chote, usisubiri tarehe ya kliniki. Niamshe twende.

Mama yako