Mlima hautokani na rangi nyingi

Bwana Mhariri,

Picha nyingi za Nyiragongo zinazochorwa hapa Goma kwa bombe, yaani rangi ya kopo la kupuliza, zina anga nzuri, lakini mlima wenyewe ni bapa kama umekatwa kwa mkasi. Vijana wanaojifunza hudhani dawa yake ni kuongeza rangi. Sivyo. Mikunjo ya mlima hupatikana kwa kuibandua rangi kwa wakati wake.

Chagueni kadibodi laini inayong'aa, maana ile ya kawaida hunywa rangi, na rangi iliyonywewa haibanduki. Anga kwanza. Ikikauka, ifunikeni kwa karatasi iliyochanwa kwa mkono kufuata umbo la kweli: Mikeno, mita 4,437, una ncha kali, Nyiragongo, mita 3,470, umekatika kileleni, na upande wa mji una bega la Shaheru, volkano ya zamani iliyozimika.

Pulizeni nyeupe na kijivu kutoka sentimita 25 hadi 30. Karibu zaidi, rangi hutiririka. Ngojeni dakika 5 hivi, hadi isinate kidoleni. Kisha nyeusi, tabaka jepesi. Ingali inang'aa kwa umajimaji, lazeni juu yake ukurasa laini wa jarida uliofinyangwa na kunyooshwa tena, mguseguse bila kusugua, muuinue wima. Nyeusi itang'oka vipande vipande na nyeupe itatokeza kama miteremko inayopigwa na jua. Karatasi ya gazeti kama hili inafaa kufunikia anga, si kubandulia: hunywa rangi na kuacha nyuzi.

Kadibodi ikionekana, rangi ya chini ilikuwa mbichi. Pasipong'oka kitu, nyeusi ilishakauka. Msikandamize, pulizeni tabaka jingine jembamba, mrudie. Mawe ya lava ni njia hiyohiyo, ila nyeusi juu ya kahawia, na nailoni iliyofinyangwa badala ya jarida. Jua likitoka kushoto kwenye mlima, litoke kushoto kwenye mawe pia. Kosa hili huharibu picha nyingi zilizoanza vizuri.

Rangi ikijikunja kama ngozi ya maziwa, tabaka jipya limepulizwa juu ya rangi iliyokauka nusu: kiyeyushi hupenya na kuivimbisha ile ya chini. Muda wa kurudia umeandikwa kwenye kopo; ufuateni.

Asubuhi za baridi kopo hupoteza nguvu na kutema matone. Kulipasha kwenye jiko la makala ni hatari kubwa, kwani kopo halitakiwi kupita nyuzi 50 na gesi yake huwaka. Maji ya uvuguvugu yanatosha. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa viyeyushi. Inatakiwa ile yenye vichujio vya mvuke, na kazi ifanyike nje, upepo ukitoka mgongoni. Mkimaliza, geuzeni kopo kichwa chini mpulize hadi itoke gesi tupu, ili tundu lisizibe.

Wachoraji wa bombe,
Goma