Ugunduzi wa VVU haukuwa bahati nasibu

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu kuhusu historia ya matibabu ya UKIMWI na kwa sehemu kubwa sina ugomvi nayo. Ipo sentensi moja tu ambayo siwezi kuinyamazia, nayo ni ile inayodai kwamba Françoise Barré-Sinoussi na wenzake wa Taasisi ya Pasteur, jijini Paris, "walibahatika" kukiona kirusi cha UKIMWI mwaka 1983. Neno hilo linafuta kazi ya zaidi ya miaka kumi.

Mwanasayansi huyo, aliyezaliwa Paris mwaka 1947, aliingia katika maabara ya Jean-Claude Chermann akiwa bado mwanafunzi, akijitolea bila ujira, na aliipenda kazi hiyo kiasi kwamba darasani alionekana kwa nadra na maelezo ya masomo akawa anayapata kwa wenzake. Alichokichunguza huko ni virusi vinavyosababisha saratani ya damu kwa panya, jambo ambalo nadhani wengi wa wakati ule wangeuliza lina faida gani kwa binadamu. Mwaka 1970 Howard Temin na David Baltimore, kila mmoja kivyake, walikuwa wamegundua kwamba virusi vya kundi hilo vina kimeng'enya kinachonakili maelekezo ya urithi kutoka RNA kwenda DNA, kinyume cha mwelekeo uliozoeleka katika viumbe. Kukipima kimeng'enya hicho ndiko kulikokuwa ufundi wake.

Kwa hiyo sampuli ya tezi ya mgonjwa aliyeshukiwa kuwa na UKIMWI ilipoletwa Pasteur mwanzoni mwa Januari 1983, ilimkuta mtu anayejua atafute nini. Seli ziliwekwa katika maji ya kuzilisha na kupimwa mara kwa mara. Wiki ya kwanza hapakuonekana kitu. Wiki ya pili dalili za kimeng'enya zikajitokeza, zikapanda, kisha zikaanza kushuka kwa kuwa seli zenyewe zilikuwa zinakufa. Mtafiti asiye na uzoefu angeamini kwamba jaribio limeharibika na angelitupa. Wao walikwenda benki ya damu iliyokuwa jirani, wakachukua chembechembe nyeupe za mchangiaji damu, wakaziongeza katika chombo kile kile, na kimeng'enya kikapanda upya, kisha seli hizo mpya nazo zikafa. Walikuwa wamepata majibu mawili kwa pamoja: kirusi kipo, na kinaua seli kinazozivamia. Charles Dauguet alikiona kwa hadubini ya elektroni, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Science mwezi Mei mwaka huo huo. Ugomvi uliofuata baina ya Wafaransa na Wamarekani kuhusu nani alitangulia mmeuandika kwa kirefu, kwa maoni yangu kuliko ulivyostahili.

Ambalo hamkuliandika ni kwamba kimeng'enya kilichokifichua kirusi ndicho kilichokuwa shabaha ya dawa ya kwanza. AZT, iliyotengenezwa mwaka 1964 kwa matumaini ya kutibu saratani na kuidhinishwa Marekani dhidi ya UKIMWI mwaka 1987, hukizuia kimeng'enya hicho kisimalize kunakili, na tenofovir, ambayo mamilioni ya watu wanaimeza leo, hufanya vivyo hivyo. AZT ikiwa peke yake ilishindwa, kwa kuwa kirusi hubadilika haraka na kuizoea. Mafanikio ya kweli yalianza mwaka 1996, dawa tatu zilipoanza kutolewa kwa pamoja.

Vilevile, mmeandika kwamba dawa hizi "huua virusi". Haziviui. Huvizuia visizaliane, lakini nakala ya kirusi hubaki imejificha ndani ya DNA ya seli zilizolala, na mgonjwa akiacha dawa, virusi kwa kawaida hurejea baada ya wiki chache. Fumbo hilo la maficho ndilo lililomshughulisha Barré-Sinoussi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 pamoja na Luc Montagnier na Harald zur Hausen, hadi alipostaafu mwaka 2015, na halijafumbuliwa. Msomaji anayeambiwa kwamba virusi vimeuawa anaweza kudhani hana tena haja ya kumeza dawa.

Naomba sentensi hizo mbili zirekebishwe katika toleo lijalo, mkianza na hii ya pili, na nafasi ikiruhusu, mwataje Temin na Baltimore, ambao hawamo kabisa katika makala yenu.

Wenu,
Msomaji wa siku nyingi